Waliokwenda Barazani kwa Ajili ya Watoto

Miongoni mwa kazi ambazo pwani yetu ya Afrika ya Mashariki imezizoea katika miaka ya karibuni, ipo moja isiyokuwa na chombo wala vazi la kuitambulisha, nayo ni kazi ya mtu anayepewa mshahara, aghalabu mdogo, ili apite baina ya mzazi na mwalimu, na baina ya mwalimu na serikali, akimsemea mtoto ambaye hajatimiza miaka sita na ambaye hana habari kwamba anasemewa. Leo vijana waliomaliza vyuo vikuu huiomba kazi hii kwa majina mengi: afisa wa malezi, mkufunzi wa walimu wa chekechea, mshauri wa sera, mtetezi wa haki za mtoto. Wengi wao hudhani kwamba ililetwa kutoka Geneva na New York pamoja na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Mkataba ule una heshima yake, nami sitaipunguza. Lakini Mombasa kazi hii ilikuwa imekwisha kuanza miaka kadhaa kabla yake, ikifanywa na walimu wanawake waliokwenda kwa miguu kutoka mtaa hata mtaa, na habari zao zastahili kuandikwa kwa utulivu.

Haifai kudhaniwa kwamba kabla yao mtoto mdogo wa pwani aliachwa bila ya tadbiri. Alipozaliwa alikuwa na mkunga na nyanya wa kumkanda, alipotimiza arobaini alitolewa nje, na alipoanza kutamka maneno sawasawa alipelekwa chuoni, yaani madrasa ya Qurani. Huko alikuta mkeka, mwalimu, na watoto wa kila umri wamekaa pamoja, huyu akisoma alifu kwa kijiti, yule akihitimu juzuu, sauti zote zikipanda kwa wakati mmoja hata mpita njia akajua kwa masikio tu kwamba hapa pana chuo. Mtoto alijifunza kuketi, kunyamaza, kusikiliza na kuhifadhi, na zaidi ya hayo alijifunza kwamba yeye ni mtu wa watu fulani, mwenye dini na adabu zake. Wazazi walimlipa mwalimu kipesa cha kila juma, tena wakati wa mavuno au sikukuu wakamwongezea chochote walichojaaliwa. Alichokosa mtoto pale ni nafasi ya kuuliza na kushika vitu kwa mikono yake, na mwalimu mmoja mwenye watoto hamsini wa umri mbalimbali hangeweza kumpa nafasi hiyo hata kama angependa.

Maulamaa wenyewe waliuona upungufu huo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na ambaye mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwasihi Waislamu wa pwani, kwa Kiswahili chao wenyewe, wasiiogope elimu ya zama mpya na wasiwanyime watoto wa kike sehemu yao. Unguja serikali ilikuwa imefungua skuli ya wasichana mwaka 1927. Walakini mawaidha na skuli hizo zilimwangalia mtoto aliyekwisha kufikia umri wa darasa la kwanza. Yule wa miaka mitatu na minne alibaki mikononi mwa mama, dada na mwalimu wa chuo, na hapakuwa na ofisi hata moja iliyomwandika katika daftari lake.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na kwa sehemu ilikuwa njia ya machungu. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Kenya mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Mkoa wa Kati katika vijiji vya lazima na kuwatoa akina mama kwenda kufanya kazi za kulazimishwa. Watoto wakaachiwa vikongwe, na hapo vikazuka vituo vya kuwatunza mchana, ambavyo baadhi ya wanahistoria wa elimu huvihesabu miongoni mwa asili za chekechea za Kiafrika katika nchi ile. Mashamba makubwa ya kahawa na chai nayo yakaweka vituo ili mama apate kuchuma bila ya mtoto mgongoni. Baada ya uhuru, watu wakavijenga vingine kwa Harambee, kwa udongo na mabati, wakamteua msichana wa pale pale kuwa mwalimu, asiyekuwa na mafunzo yoyote. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ikaanza mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, mradi uliodumu hata mwaka 1982. Mwaka 1980 Wizara ya Elimu ikapewa dhamana ya chekechea, ambazo mpaka wakati huo zilikuwa chini ya wizara ya utamaduni na huduma za jamii. Na mwaka 1984 kikaasisiwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, kijulikanacho kwa herufi zake NACECE, kikafuatiwa na vituo vya wilaya. Ndivyo Kenya ilivyopata safu yake ya kwanza ya watumishi ambao kazi yao hasa ilikuwa mtoto wa chini ya miaka sita.

Lakini safu hiyo ilipokuwa ikijipanga, pwani ilikuwa nyuma. Skuli za msingi katika miji zilikuwa zimeanza kumpima mtoto kabla ya kumpokea darasa la kwanza, na aliyekwisha kukaa chekechea akijua rangi, namba na maneno mawili matatu ya Kiingereza alimpita kwa urahisi mtoto aliyehifadhi sura kumi za Qurani lakini hakuwahi kushika kalamu ya risasi. Chekechea zilizokuwako mijini nyingi zilikuwa za makanisa, na mzazi Mwislamu akajiona amesimama baina ya mambo mawili: ampeleke mtoto huko akhofie imani yake, au ambakize chuoni akhofie mustakabali wake. Waliochelewa kuanza walichelewa pia kumaliza, na idadi ya vijana wa pwani waliofika vidato vya juu ikabaki ndogo. Ajizi haikuwa sababu ya hali hii, ingawa wako waliowatuhumu watu wa pwani kwa ajizi. Sababu ilikuwa kwamba mzazi alitakiwa achague baina ya vitu viwili ambavyo kwake ni kimoja.

Mapema katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walimweleza Aga Khan wa 4, aliyekuwa imamu wa Waismaili, jambo hili, wakimwomba msaada. Hawakubisha mlango wa mgeni. Babu yake, Aga Khan wa 3, ndiye aliyeasisi Mombasa mwaka 1945 jumuiya ya maslahi ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki, iliyosaidia kujenga misikiti na skuli nyingi kwa sharti kwamba wenyeji nao watoe fungu lao. Ombi la wazee hawa lilikuwa na maana kubwa katika historia ninayoisimulia, kwa kuwa swali lilitoka kwa wenye watoto. Hapakuwa na mtaalamu aliyekuja na jawabu mkobani akitafuta mahali pa kulitua.

Wakfu wa Aga Khan ulianza uchunguzi mwaka 1983, ukamwajiri mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Kama ningetakiwa kumtaja mtu mmoja ambaye kazi ya kumsemea mtoto mdogo katika pwani hii yaweza kunasibishwa naye, ningemtaja yeye bila ya kusita. Alikuwa Mwislamu, mwanamke, mwalimu na mwenyeji, na kila moja ya sifa hizo nne ilimfungulia mlango ambao nyingine zisingeufungua: akina mama walizungumza naye ndani ya nyumba, maimamu na wazee wa mitaa walimsikiliza kwa kuwa alijua anachokiamini na namna ya kukisema kwa murua, na walimu walimtambua kuwa ni mwenzao. Swali la kwanza alilopewa lilikuwa kama masomo ya awali yangeweza kuingizwa ndani ya mazingira ya madrasa, ili mtoto asome dini yake na dunia yake mahali pamoja, asubuhi moja, kwa lugha yake.

Kazi ya miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya kuzungumza, na msomaji wa leo aliyezoea taarifa za miradi huenda akaona kwamba muda mwingi ulipotea. Sioni hivyo. Mzee aliyeuliza kama michezo haitampotosha mtoto akasahau Qurani alikuwa na haki ya kujibiwa, tena na mtu aliyeketi naye barazani na kunywa kahawa yake, na si kwa barua. Baba aliyeuliza nani atamlipa mwalimu alikuwa ameligusa jambo ambalo, kama nitakavyoeleza, halijapata ufumbuzi hata sasa. Kila jawabu lililokubaliwa liliingia katika umbo la skuli yenyewe: masomo ya dini yakawekwa ndani ya ratiba ya kila siku, hadithi na nyimbo zikawa za Kiswahili, walimu wakawa wanawake wa mtaa ule ule, na skuli ikawa mali ya jamii.

Skuli ya kwanza ya majaribio ilifunguliwa mwaka 1986, Liwatoni, Mombasa. Umbo lake likaenea baadaye katika vijiji na mitaa mingi, na aliyepata kuingia katika mojawapo huutambua wajihi wake mara moja. Chumba kimegawiwa pembe pembe. Pembe hii ina vyungu vidogo, kata ya kifuu, mbuzi ya kukunia nazi na kipande cha kanga, na hapo watoto huigiza nyumba yao. Pembe ile ina simbi, vizibo vya chupa za soda, mbegu na vijiti vya kuhesabia. Nyingine ina vitabu vilivyoshonwa kwa mkono. Vitu vya kuchezea havikununuliwa dukani. Vimetokana na mnazi, ukindu, katani, bahari na takataka safi za mtaani, kwa hiyo mtoto maskini huviona nyumbani kwao pia, na mama huweza kuvitengeneza jioni.

Tumtazame mtoto mmoja kwenye mchanga, mwenye umri wa miaka minne. Ameshika kifuu, anachota mchanga na kujaza kopo. Mwalimu amechutama mbele yake, macho yao yamelingana. Hamwambii kwamba kopo huchukua vifuu vitano. Humwuliza adhani vitaingia vingapi. Mtoto atasema viwili, au mia. Atachota, atahesabu, ataruka namba, ataanza tena. Mwalimu hamkatizi. Kisha watoto wote watakaa duara na kila mmoja ataeleza alichokifanya, na huyu wetu, ambaye huenda nyumbani huambiwa anyamaze wakubwa wanapozungumza, atasimama aseme kwamba kopo lilijaa. Njia hii ya kumwacha mtoto apange, atende, kisha ahadithie, ilichotwa kwa sehemu kutoka kwa wataalamu wa Marekani wa mtindo uitwao HighScope. Lakini mchanga, kifuu na duara vilikuwa vya hapa, na dua ya kufungulia asubuhi ilikuwa ya hapa.

Sasa niseme juu ya mwalimu mwenyewe, kwa sababu humo ndimo ilimo historia ya kazi hii kama kazi. Wanawake waliochaguliwa na jamii zao aghalabu walikuwa vijana waliokomea njiani katika masomo. Wengine walimaliza kidato cha nne kwa alama zisizowafikisha popote, wengine hawakufika huko. Kwa hesabu ya wizara, mtu wa namna hii hakufaa kuwa mwalimu. Kituo cha Madrasa, yaani ofisi ya mafunzo ya skuli hizi, kilimchukua, kikamfundisha miezi kadhaa, kisha, na hili ndilo lililokuwa na thamani kubwa zaidi, kikampelekea mkufunzi darasani kwake mara kwa mara, akakaa naye, akamtazama akifundisha, wakazungumza watoto walipokwisha kuondoka. Binti aliyekuwa akiona haya kusema mbele ya baba zake akajikuta, baada ya mwaka mmoja au miwili, akiwaeleza wazazi katika mkutano kwa nini mtoto asichapwe kwa kukosea herufi. Walioonekana hodari walifanywa wakufunzi. Na katika wakufunzi wakatoka waratibu na maafisa wa maendeleo ya jamii. Ngazi ya kazi ikawa imejengwa pasipokuwa na ngazi, na msingi wake ukawa ni kuijua nyumba ya mtoto, jambo ambalo shahada peke yake haimpi mtu.

Jamii nayo ilifungwa na mapatano. Kabla ya skuli kuanza, wenyeji walitoa chumba au wakajenga, wakaunda kamati ambamo wanawake sharti wawemo, wakachagua walimu na kukubali kulipa ada. Kituo kiliahidi mafunzo na ufuatiliaji kwa muda uliowekwa, kisha skuli ilipofikia kiwango ilihesabiwa kuwa imehitimu, ikafanyiwa sherehe kama ya mwanafunzi. Kwa skuli zilizohitimu kukabuniwa hazina ndogo: wenyeji walichanga fungu lao, wafadhili wakaongeza lao, fedha zikawekezwa zisiguswe, na faida yake tu ndiyo iliyorudi skuli kusaidia mishahara na matengenezo. Mtu wa pwani hakuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa maana amezaliwa katika miji ambayo visima, misikiti na minazi imewekwa wakfu tangu enzi za mababu.

Mwaka 1990 kazi ikaingia Unguja, na mwaka 1993 ikafika Uganda, ambako Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani na nyimbo ikalazimu zitungwe upya. Skuli zikazidi 200 katika nchi tatu. Waliopita humo hawakuwa watoto wa Kiislamu peke yao, kwani milango haikufungwa kwa majirani. Mtafiti Peter Mwaura, pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Oxford, waliwalinganisha watoto wa skuli hizi na wa chekechea nyingine na waliobaki nyumbani, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliokwenda skuli ya aina yoyote waliwatangulia waliobaki nyumbani, na kwamba wale wa Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Tangu hapo, wakufunzi waliokwenda wizarani walikwenda na ushahidi mkononi.

Kwani tangu mwaka 1990 nchi zenyewe zilikuwa zimeanza kuzungumza lugha ya haki. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mwezi Julai mwaka huo huo wakuu wa nchi za Afrika walipitisha Addis Ababa Mkataba wao wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mtandao wa Afrika wa kuzuia utesaji wa watoto, ANPPCAN, uliozaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1986, ulikuwa na makao yake Nairobi. Wanasheria wakaingia katika kazi ambayo mpaka hapo ilikuwa ya walimu, mapadri na wauguzi. Kenya ikapata Sheria ya Watoto mwaka 2001, Tanzania Bara mwaka 2009, Zanzibar mwaka 2011. Mambo haya yameandikwa sana mahali pengine, nami nayapita upesi.

Lipo moja lisilofaa kupitwa. Januari 2003 serikali mpya ya Kenya ilifuta ada ya skuli za msingi, na kheri hiyo ikamwangukia vibaya mtoto mdogo: baadhi ya wazazi waliona hakuna haja ya kulipia chekechea ilhali darasa la kwanza ni bure, wakawaweka watoto nyumbani wakingoja umri, au wakawapeleka darasa la kwanza kabla ya wakati. Walimu wa chekechea, ambao mishahara yao ilitoka katika ada hiyo, walirudi nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo walioujua mtaa walipojifunza kwa uchungu kwamba haitoshi kusema na mzazi na mwalimu. Sharti kuwe na mtu mezani siku sera inapoandikwa, awakumbushe waandishi kuna nani chini ya darasa la kwanza. Mwaka 2006 Kenya ikatoa sera yake ya maendeleo ya awali ya mtoto, na katiba ya mwaka 2010 ikaikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Zanzibar, kwa sera yake ya mwaka 2006, iliiingiza skuli ya maandalizi katika elimu ya msingi. Tanzania Bara ililifanya darasa la awali kuwa la lazima kwa sera ya mwaka 2014, na Desemba 2021 ikazindua Dodoma programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto.

Nafurahia kila karatasi katika hizo. Lakini nimeona pia jinsi kazi yenyewe inavyogawanyika. Upande mmoja wapo watu wa sera, wenye mikutano ya siku tatu hotelini, posho, na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, na wengi wao ni watu wema wenye bidii. Upande wa pili yupo mwalimu wa skuli ya jamii, ambaye katika mitaa mingi bado analipwa kwa ada ya wazazi, na mvuvi asipopata samaki mwezi wa kusi mwalimu naye hapati. Swali la yule baba wa miaka ya 1980, nani atamlipa mwalimu, limejibiwa nusu kwa kaunti zilizoajiri na nusu kwa hazina ndogo zisizotosha, na ndilo linalowatoa walimu hodari katika kazi wakiwa ndio kwanza wameiva, waende wakauze duka au waolewe mbali. Sioni uadilifu katika ngazi ambayo kadiri mtu anavyosogea mbali na mtoto ndivyo mshahara wake unavyopanda. Wale wanaoketi sasa kupanga mafungu ya bajeti, katika kaunti, katika wizara na katika mashirika, ningependa waandike mstari wa mshahara wa mwalimu wa chekechea kwanza, waujaze mpaka utoshe, ndipo washuke kwenye mstari wa warsha.